Paka Anapozeeka Nyumbani



Nyumba nyingi za huku kwetu Mara hufuga paka kwa sababu moja tu: panya. Mtama, mahindi na mihogo mikavu hukaa stoo miezi mingi, na panya akishajua kwamba hakuna wa kumtisha, huja na ukoo wake wote. Kwa hiyo paka husifiwa akiwa kijana, na akizeeka husahauliwa. Wengine hutiwa ndani ya gunia na kwenda kutupwa sokoni, ati wakajitafutie. Leo tunapenda kuzungumza nanyi habari za paka aliyezeeka, kwa maana mabadiliko ya paka wetu yalituletea nyumbani jambo zito kuliko tulivyotazamia.

Paka huyo tunamwita Kijivu. Alizaliwa Bunda kwa wifi yetu mwaka 2009, akapelekwa Butiama kwa Bibi, mama mzazi wa baba watoto, alinde mtama. Huko aliifanya kazi yake vizuri kwa miaka mingi. Miguu ya Bibi ilipodhoofika, tulimwomba aje akae nasi hapa Musoma. Alikubali, lakini hakupanda gari mpaka alipoona kikapu cha paka kimeshapakiwa.

Mabadiliko ya Kijivu yalikuja polepole. Kwanza aliacha kuruka dirishani. Kisha tuliona dagaa wanamdondoka mdomoni kabla hajawatafuna. Baadaye akawa anakunywa maji mengi, tena yeye aliyekuwa msafi sana akaanza kukojoa nyuma ya mlango. Mwisho kikaja kilio cha usiku. Saa nane, watu wote wamelala, Kijivu alisimama ukumbini ameelekea ukutani kama aliyesahau njia, akalia kwa sauti nzito na ndefu, mfano wa mtoto mchanga.

Kilio hicho kilivuka ukuta kikafika kwa majirani. Ninyi mnajua, huku kwetu paka akilia usiku, wapo wasiosema kwamba ni paka tu. Maneno yakaanza kisimani na gengeni: mbona paka huyo analia tangu yule mzee ahamie hapa? Mbona macho ya yule mzee ni mekundu? Macho ya Bibi ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni tangu akiwa msichana, na moshi umemla. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa hatuwezi kuyadharau maneno ya namna hiyo. Katika kanda hii wako bibi wazee waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu na msiba wa jirani.

Maneno yakafika shuleni. Siku moja mtoto wetu wa darasa la tatu alirudi, akakataa kula pamoja na Bibi. Hakueleza sababu. Bibi hakumkemea. Alikisogeza chakula upande wa mtoto, yeye akainuka akaenda kukaa nje. Usiku ule baba watoto na sisi tulikaa tukaongea. Kuna aliyetushauri tumtupe paka ili maneno yaishe. Tulikataa. Kumtupa kungekuwa ni kukiri kwamba paka yule alikuwa na jambo, na kwamba mwenye paka naye alikuwa nalo. Tuliona afadhali tujue hasa ana nini.

Wifi yetu alikuwa anamfahamu daktari wa mifugo huko Bunda, basi tukampeleka Kijivu kwa kikapu kile kile. Daktari alimshika kwa upole, akamfungua mdomo, akampapasa tumbo na miguu, kisha akatueleza. Paka aliyepita miaka kumi na moja huhesabiwa kuwa mzee. Mwenye miaka kumi na mitano ni sawa na mtu aliyevuka sabini. Meno huoza na ufizi huuma, ndipo chakula humdondoka. Viungo hukaza, ndipo huacha kuruka. Paka wazee wengi huugua figo, hivyo hunywa sana na kukojoa sana. Wengine tezi ya shingoni huzidi kufanya kazi, nao hula sana lakini hukonda na kukosa utulivu. Masikio huziba, na asiyejisikia hupaza sauti. Tena ubongo wa paka huchakaa kama wa mtu: husahau njia ya mlangoni, hugeuza usiku kuwa mchana, huita kwa kuwa amepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tulirudi na mashauri ambayo kila mama anaweza kuyafuata. Tunampa dagaa waliochemshwa laini bila chumvi, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maji tumeyaweka mahali pawili, wala hatumnyimi, maana figo zake zinayahitaji. Karai la mchanga lenye ukingo mfupi liko karibu na anapolala. Vyombo havihamishwi ovyo, na usiku tunaacha taa ndogo ukumbini. Tena tulionywa vikali kuhusu jambo moja: kamwe tusimpe Panadol. Kidonge hicho kinachotusaidia sisi humwua paka, hata kikiwa kimoja tu.

Hapa tuseme neno la tahadhari. Uzee huja kwa miezi. Paka akibadilika kwa siku chache, akawa mkali ghafla, akauma ovyo, akatoka mate mengi au akashindwa kumeza, hapo ni lazima kufikiri kichaa cha mbwa, maana paka nao hukipata. Msimshike. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku ile ile kupata chanjo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni vigumu mno kupona. Paka naye huchanjwa kama mbwa.

Juma lililofuata zamu ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Hatukumficha Kijivu wala hatukumficha Bibi. Katikati ya sala paka akaingia, akagonga mguu wa kiti, akalia kilio chake. Watu walinyamaza kimya. Bibi akasema, "Msishangae, wanangu. Huyu hasikii. Hata mimi mkiniita mara moja siitiki, ila mimi nimejizuia kupiga kelele." Mama mmoja akacheka, wengine wakafuata. Ndipo tukawaeleza yote tuliyoambiwa Bunda, ya meno, ya figo na ya masikio. Jirani aliyekuwa amesema mengi kuliko wote akauliza kama kuku wake naye anaweza kuzeeka ubongo.

Hatusemi kwamba maneno yaliisha siku hiyo. Lakini aliyewahi kucheka pamoja na Bibi, na kuambiwa sababu, hawezi kirahisi kurudi kumwita mchawi. Na mtoto wetu, tulipompa kazi ya kubadilisha maji ya paka kila asubuhi, alilazimika kumwuliza Bibi namna ya kumwita asiyesikia. Bibi alimfundisha kupiga mguu sakafuni, maana paka huhisi mtikisiko. Sasa wanakula sahani moja.

Akina mama, Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinamhesabu anayejali maisha ya mnyama wake kuwa ni mwenye haki. Nayo Zaburi ya 71 ni sala ya mzee anayemwomba Mungu asimwache wakati nguvu zimemwishia. Watoto wetu wanatutazama. Wanaona tunavyomtendea asiyeweza tena kukamata panya, na kutokana na hayo wanajifunza watakavyomtendea bibi yao, na siku moja sisi wenyewe. Kama nyumbani kwako kuna aliyebadilika kwa uzee, awe mtu au mnyama, uliza kwanza anaumwa nini, kabla jirani hajakupa jibu lake. Mungu azibariki nyumba zenu.