Gemu Ambayo Mtu Akianguka Harudi

Muhula umeanza, niko tena hapa Malimbe, na tangu nifike hosteli naulizwa swali lile lile: kile kidude chako cha kukunja kama pochi kiko wapi? Jibu ni kwamba nimekiacha nyumbani Shinyanga, mtaa wa Kambarage, kwa mtoto wa mama mdogo. Na kwa kuwa wengi mlikuwa mnakiona tu bila kujua nacheza nini usiku kucha, leo nawaeleza vizuri.

Kidude chenyewe ni Game Boy Advance SP ya Nintendo, toleo la mwaka 2003, nilichonunua kikiwa kimeshatumika. Gemu iliyomo ndani inaitwa Fire Emblem. Huko Japani gemu za jina hilo zilianza mwaka 1990, zikitengenezwa na Intelligent Systems, na kwa miaka 13 Wajapani walicheza wenyewe tu. Hii niliyonayo ndiyo ya kwanza kuuzwa nje ya Japani, ilifika Marekani mwaka 2003. Baada yake zimetoka nyingine kibao, Three Houses ya 2019, Engage ya 2023, lakini anayeanza mimi namshauri aanze na hii ya zamani. Sehemu yake ya mwanzo imetengenezwa makusudi kumfundisha mgeni, hatua kwa hatua.

Sasa inachezwaje? Ondoa kichwani ile picha ya bunduki na kukimbizana. Hii ni ndugu yake drafti. Kuna uwanja wenye vyumba vidogo vidogo, kuna watu wako na watu wa adui, na mnakwenda kwa zamu. Usipomaliza zamu yako adui hasogei, unaweza kwenda kuteka maji kabisa ukarudi. Tofauti ni kwamba kete za drafti zote ni vizibo vya soda, hazina jina. Hapa kila kete ni mtu. Ana jina, ana sura, ana kwao, na ana sababu iliyomtoa kwao.

Kitu cha kwanza cha kushika ni silaha tatu. Upanga unalishinda shoka, shoka linaushinda mkuki, mkuki unaushinda upanga. Ukimpeleka mwenye upanga kwa mwenye mkuki, umemwonea mtu wako mwenyewe. Pili, ardhi. Aliyesimama msituni ni mgumu kupigwa kuliko aliyesimama uwanjani. Tatu, silaha huisha. Upanga wa kawaida wa chuma unapigana mara 46 halafu unavunjika, kwa hiyo hesabu na mfuko pia. Nne, vijiji. Ukiwahi kufika kabla ya majambazi wanakijiji wanakupa kitu au neno la maana, ukichelewa unakuta kimeshabomolewa.

Na la tano ndilo lenye gemu yenyewe: mtu wako akianguka vitani, ndiyo basi. Hakuna dawa ya kumfufua, hakuna maisha matatu. Sura inayofuata unaanza bila yeye. Ukitaka arudi inabidi uzime uanze ile sura upya kabisa, hata kama umeshahangaika nayo saa nzima na ilikuwa imebaki zamu moja tu. Matoleo ya miaka ya karibuni yanakuruhusu kuchagua walioanguka warudi sura inayofuata. Hili la kwangu haliruhusu.

Basi bwana, kwa nini nimemwachia dogo?

Dogo amemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka na siyo mabaya, anasubiri kupangiwa kidato cha tano. Ni miezi ya kukaa bure, na Kambarage bila hela kukaa bure ni kazi ngumu. Wenzake watatu wameshaondoka kwenda machimboni upande wa Geita. Mmoja alirudi na simu mpya. Siku hiyo hiyo dogo akaanza kuuliza nauli. Mama mdogo aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma, kaa naye." Hakusema zaidi, na hakuwa na haja. Baba mdogo alifia duarani dogo akiwa darasa la pili.

Sisi wa huku hadithi za maduara hatusimuliwi. Oktoba 2015 duara liliwafukia watu Nyangalata, kule Kahama, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilishangaa. Mmoja wao akafariki baadaye. Vijana mtaani wanaikumbuka siku ile ya 41 ya kutoka. Mama mdogo anazihesabu zile 40 za kabla yake.

Mimi sikuwa na hotuba ya kumpa dogo. Hotuba ameshapewa na kila mtu, kuanzia mwalimu hadi muuza maji. Nilichokuwa nacho ni gemu.

Siku za mwanzo alicheza kama wote wanavyoanza: anamchukua mmoja mwenye nguvu anamrusha mbele peke yake. Katika gemu kuna mpanda farasi mtu mzima anaitwa Marcus, tangu anapoingia anaua kila anachokigusa. Mgeni anamtumia yeye kwa kila kitu, kumbe kila adui anayeuawa na Marcus ni mafunzo waliyonyimwa vijana. Mbele ya safari maadui wanakuwa wakali, na vijana bado hawajui kitu. Ni sawa na kaka anayemfanyia mdogo wake homuweki kila siku, mtihani ukija anaingia mtoto.

Aliyemfungua macho dogo hakuwa mimi. Ni babu mmoja jirani, alikuwa sungusungu enzi zile. Asiyejua, sungusungu walianza huku kwetu, upande wa Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na wananchi wakaamua kujilinda wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Jioni moja alipita, tukamsalimia "mwangaluka babu" ingawa jua lilikuwa linazama, akacheka, akakaa kwenye kigoda akauliza tunatazama nini. Dogo akamwonyesha: hawa majambazi, huyu wetu mwenye upinde anaitwa Wil, nimemweka mbele awachome.

Babu akatazama kidogo. "Mwenye upinde hatangulii," akasema. "Akifikiwa karibu atapiga na nini?"

Na kweli, kwenye gemu mwenye upinde anapiga kwa kuruka chumba kimoja, adui akimsogelea ubavuni hawezi kumjibu. Babu hajawahi kushika gemu maishani mwake. Akaeleza walivyokuwa wakienda usiku baada ya mwano kupigwa: hakuna anayekimbia peke yake hata kama ndiye mwenye mbio, na kabla ya kuondoka wanahesabiana, na wakirudi wanahesabiana tena. Dogo alimsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Toka siku hiyo kabla hajamsogeza mtu anahesabu kwa kidole kwenye kioo: huyu adui anafika hapa, yule anafika hapa, wakija wote wawili mtu wangu anabaki?

Maneno yote ya gemu ni Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma na kutafsiri kwa sauti, na mama mdogo akichambua mchele anasikia. Kuna mtu anaitwa Dorcas, mwenye shoka, mpole. Tunamkuta ameungana na majambazi, siyo kwa ubaya wake ila mke wake anaumwa mguu na pesa ya matibabu hana. Lyn, yule binti shujaa wa sehemu ya mwanzo, anamshawishi anaachana nao. Nilipotafsiri hapo mama mdogo akaacha ungo. Akauliza, "Sasa huo mguu utatibiwa na nini?" Nikamwambia gemu haijasema. Toka hapo kila jioni swali lake moja: yule wa mguu wa mkewe, mzima?

Wiki moja kabla sijaondoka, kwenye sehemu ya pili ya Eliwood, Dorcas akaanguka. Dogo alimwacha daraja moja peke yake kwa sababu sura ilikuwa inakaribia kuisha. Akaitazama ile skrini, akasema "potelea mbali, tunaendelea, tuna watu wengine." Na ni kweli, gemu inakuruhusu kuendelea. Akimaliza kusema hivyo mama yake akatokea jikoni akauliza lile swali lake.

Dogo hakumjibu. Mama mdogo alisimama kidogo, akasema "haya," akarudi kwenye moto. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Dogo akazima, akaanza ile sura upya. Ilimchukua hadi umeme ukakatika na akaimalizia kwa ule mwanga wa kioo chenyewe. Asubuhi mama yake anafagia uwanja akamwambia, "Yule yupo." Basi.

Sasa msije mkasema gemu imemwokoa mtu. Sijui ataamua nini. Siku naondoka alikuwa bado anataja Geita, na shida ya hela pale nyumbani haijaondoka kwa sababu ya Dorcas. Ninachojua ni kwamba juzi alinipigia simu, akaniambia ameongea na yule mwenzake wa machimboni akamuuliza: mkishuka chini, juu anabaki nani, na nani anawahesabu? Mwenzake akamcheka. Dogo akaniambia, "Kaka, amecheka lakini hajajibu."

Kwa mnaotaka kuanza, shikeni haya machache. Kabla ya kusogeza mtu tazama adui wote wanaweza kufika wapi. Mwenye upinde na mganga wakae nyuma ya mwenye ngao. Marcus aziba pengo, asimalize kazi. Silaha nzuri usiitunze mpaka mtu wako anakufa nayo mfukoni. Na ukimpoteza mtu, amua mwenyewe kama unarudi au unaendelea, ila usiamue haraka kwa sababu tu sura inakaribia kuisha.

Kidude kitakaa Kambarage mpaka dogo apangiwe shule. Mwenye haraka atafute cha kwake. Mimi nina testi ya takwimu keshokutwa na sijafungua daftari, tuombeane.