Chembe Ndogo na Jibu Lililokawia



Mwaka 2022 binti yangu, aliyeolewa Kisumu katika mtaa wa Kaloleni, alinipigia simu. Mwanawe alikuwa ametimiza miaka miwili, na zamu ya dozi ya nne ya chanjo ya malaria imefika. Jirani walimtia hofu kuwa ndani yake mna vitu visivyoonekana kwa jicho. "Baba, nimpeleke?" Nikamjibu, "Subiri, mwanangu, nitauliza." Nikashughulika na darasa zangu, sikuuliza. Mwezi wa tatu yake, mjukuu wangu akalazwa kwa malaria.

Nilipokwenda kumtazama, ndipo nikamuuliza muuguzi, naye akanifahamisha kwa upole. Chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, ilianza kutolewa nchini Septemba 2019 katika kaunti ya Homa Bay, kando ya ziwa hilo hilo. Ndani yake mna kipande cha protini ya kijidudu cha malaria, kilichounganishwa na protini ya ganda la virusi vya homa ya ini aina ya B. Protini hizo hujikusanya zikawa chembe ndogo mno, zenye umbo mfano wa virusi, lakini hazina uhai wala haziambukizi. Huchanganywa na vifuko vyenye utando wa mafuta, navyo vidogo mno, vilivyobeba dawa itokanayo na gome la mti wa Chile, ili kuuamsha ulinzi wa mwili. Askari wa mwili huzidhani chembe zile kuwa ni adui, wakajifunza kumpiga kabla hajafika. Haikingi malaria yote, na kinga yake hupungua; ndiyo sababu ya dozi ya nne, na ndiyo sababu chandarua hakiachwi.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, kisha akachanjwa. Siwezi kusema kuwa dozi ile ingalimkinga. Hilo alijuaye ni Mwenyezi Mungu. Langu ni kuwa niliaminiwa swali, nikalilalia.

Watoto wetu huwafundisha Surat Zilzala, kwamba jema na baya, hata la uzani wa chembe, litaonekana. Mimi niliyeifundisha miaka yote hiyo nililiona swali la mwanangu kuwa dogo.

Enyi mama zetu, mkituuliza masheikh jambo la tiba nasi tukakawia, msitungoje. Mwendeeni mwenye elimu yake.

Wabillahi tawfiq.