Ishara ya Tamati

Waswahili wana methali mbili zionekanazo kukinzana: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na haraka haraka haina baraka. Mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta, aliyesoma pia sarufi ya Kiswahili, alizijua zote tangu shule ya msingi. Maana yake aliipata usiku mmoja, zikiwa zimesalia siku tatu akabidhi mradi wake wa mwisho.

Mradi wenyewe ulihusu kuzidisha matriksi katika vichakataji michoro, vyombo vilivyobuniwa kwa ajili ya picha na ambavyo leo hubeba mzigo wa akili bandia. Alikodi viwili kwa saa kupitia intaneti, vya aina ya A100 iliyozinduliwa na NVIDIA mwaka wa 2020. Kila kimoja kina vitengo 108 vya ukokotoaji. Jawabu lenye safu mlalo 4,096 na safu wima 4,096 likikatwa vigae vya 128 kwa 128, hupatikana vigae 1,024. Kila kitengo kikishika kigae kimoja kwa wakati, mikupuo tisa humaliza vigae 972. Mkupuo wa kumi huwa na vigae 52 tu, na vitengo 56 hukunja mikono. Isitoshe, kwa desturi majibu hayaanzi kusafirishwa kwenda kwa kichakataji cha pili hadi kigae cha mwisho kikamilike, ilhali cha kwanza kilikuwa tayari kitambo. Huko ndiko kuchelewa.

Tiba yake ni ishara. Kila kitengo kimalizapo kigae huongeza moja katika kihesabio kilichomo kumbukumbuni. Programu nyingine hukichungulia kihesabio hicho; idadi ya kundi la vigae inapotimia, hulisafirisha kundi hilo huku mengine yakiendelea kukokotolewa. Kijana alifanya hivyo na muda ukapungua. Akachora grafu, akampelekea msimamizi wake pamoja na ujumbe mfupi: "Nimemaliza, Mwalimu." Mwalimu akampongeza.

Usiku ule aliyarudia majaribio mara 1,000. Mara tatu, jawabu lilikuwa na makosa.

Alitafuta hadi alfajiri. Kitengo kiliandika jawabu kwanza, kisha kikapandisha kihesabio. Lakini kichakataji hakiahidi kwamba maandishi mawili yataonekana kwa wengine kwa mpangilio yalioandikwa. Ishara iliweza kuonekana jawabu lingali njiani, na mpokeaji akachukua tarakimu za zamani. Kilichokosekana ni kizuizi cha kumbukumbu: agizo fupi lisemalo kwamba yaliyotangulia yaonekane kwanza, ndipo yafuatayo.

Hapo akakumbuka somo la kiambishi -me-. Anayesema "amekwenda sokoni" hajasema kwamba mtu huyo amefika. Amesema tu kwamba ameondoka. Kihesabio chake kilikuwa kikinena "limekwenda", na mpokeaji akasikia "limekwisha kufika". Hata ujumbe wake kwa Mwalimu ulikuwa wa namna hiyo hiyo.

Angeweza kunyamaza. Makosa matatu katika 1,000 hayangeonekana katika grafu, na pongezi zilikwisha kutolewa. Alitia kizuizi mahali pake, upande wa mwandishi na upande wa msomaji pia. Sehemu ya muda aliouokoa ikarudi kupotea, na grafu mpya haikuwa ya kujivunia kama ile ya kwanza. Kulipokucha akabisha hodi ofisini.

"Mwalimu, samahani. Nilikuambia nimemaliza, kumbe nilikuwa sijamaliza."

Mwalimu aliitazama grafu mpya kwa muda. "Na sasa umejuaje kwamba umemaliza?"

Kijana hakutaja idadi ya majaribio, kwa kuwa jana pia alikuwa nayo. Alimwonyesha mstari wa kizuizi na kumweleza kazi yake.

Kumbe methali zile hazikinzani. Moja humwonya angojaye yote yatimie ndipo atoe hata kimoja. Nyingine humwonya atangazaye kilicho tayari kabla hakijafika.