Mapacha Waliofichwa na Jina la Kiwanda

Neno zilipendwa humsumbua kila mfasiri anayelikuta. Ni kitenzi kilichogeuzwa jina, tena kitenzi cha kutendwa: nyimbo zilipendwa, ila aliyezipenda hatajwi, na aliyezitunga hatajwi vilevile. Ndani ya neno hilo wamefichika kwa miaka mingi Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa, watunzi na waimbaji wenye asili ya Kongo waliong'ara Iringa katika miaka ya 1980.

Bendi yao iliitwa Tancut Almasi Orchestra. Jina hilo lilikuwa la mwajiri: kampuni ya umma ya kuchonga almasi iliyokuwa na kiwanda Iringa. Ndiyo iliyokuwa desturi ya zama zile. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, Polisi Jazz ya polisi. Mwanamuziki alipokea mshahara, na gitaa alilopiga lilikuwa mali ya ofisi. Si haki kuubeza mpango huo, kwani uliwalisha wengi na kuwapa vyombo ambavyo wasingeweza kuvinunua. Lakini ulikuwa na kasoro yake: wimbo ulipokwenda hewani, msikilizaji alibaki na jina la shirika. Mtu akipanda basi Iringa, akipita Mafinga na Makambako hadi kuteremka Mbeya, aliweza kuusikia Butinini njia nzima, akauimba mpaka nyumbani, wala asijue ni nani aliyeutia maneno kinywani mwake.

Na maneno ndiyo yanayostahili kusikilizwa upya. Nimemkaribisha Nyoka ni jina la wimbo ambalo peke yake ni kisa kizima: mlango umekwisha funguliwa, mgeni yumo ndani, na anayelalamika ndiye aliyemkaribisha. Mshairi wa pwani angeizungushia fumbo hiyo beti tano. Hapa imetosha sentensi moja, kisha sauti mbili za ndugu zinaachiwa kazi iliyobaki.

Nyimbo nyingi za enzi hiyo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa katika kanda. Santuri zilikuwa haba. Mashirika ya umma yalipoyumba na bendi zake kutawanyika, zikabaki kanda na kumbukumbu za watu. Leo nyimbo hizo zinasikika tena kupitia simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, na John Kitime, mpiga gitaa aliyepitia Tancut mwenyewe, amekuwa akiandika kwa subira nani alipiga nini, wapi na pamoja na nani.

Kazi hiyo yaonekana ndogo. Lakini sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, na mtunzi ni mtu mwenye jina. Kanda iliyoandikwa "Tancut" tu haisemi malipo yapelekwe nyumba gani.