Mugumo wa Thika na Kaburi Lisilo Alama

Kwa miaka mingi nimefundisha riwaya ya P. M. Kareithi, Kaburi Bila Msalaba (1969), nikiwaeleza wanafunzi kwamba anwani yake ni ishara. Kaburi, nilisema, ni taifa. Msalaba unaokosekana ni utambuzi walionyimwa wapiganaji wa Mau Mau. Ufafanuzi huo ulinitosha, nao wanafunzi waliurudisha katika karatasi za mtihani bila kasoro. Kisha mmoja wao, mzaliwa wa Ruiru, akaniuliza: "Mwalimu, na ikiwa ni kaburi tu?" Niliahidi kulirejelea swali hilo. Sikulirejelea.

Tarehe 20 Oktoba, siku ilipotangazwa hali ya hatari mwaka 1952 na ambayo tangu katiba ya 2010 huitwa Sikukuu ya Mashujaa, nilipanda matatu kwenda Thika. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kwa ghadhabu. Tulipofika Ruiru maji yalikuwa yamefunika kando za barabara, na dereva, ambaye hadi hapo alikuwa akituchambulia siasa, akanyamaza.

Katika Bustani ya Mugumo nilimkuta mzee mmoja tu, amejikinga mvua. Mapokeo ya Wagikuyu yanasema kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alibashiri kuwa siku mugumo wa hapa utakapoanguka, utawala wa wageni utakoma. Wasimulizi huongeza kwamba wakoloni, pamoja na kuudharau utabiri huo, waliuzungushia mti chuma ili usianguke. Na kwamba radi iliupasua, ukaanguka mwaka 1963. Mtafiti wa fasihi simulizi angetaka kujua kisa hiki kina matoleo mangapi. Mimi, ngurumo zikiendelea, nilivutiwa na jambo jingine: ukumbusho huu ni wa kitu kilichoondoka. Mtu huja kutazama mahali mti ulipoangukia.

Linganisha na sanamu za askari na wapagazi zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928. Maandishi yake, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha tatu, yanawaahidi waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba wana wao watalikumbuka jina lao. Hakuna jina hata moja lililochongwa hapo. Lugha ninayoifundisha ilitumiwa kutoa ahadi hiyo, nasi wahakiki wake tumelipita jambo hili kimyakimya mno.

Mzee aliniuliza nimekuja kumtafuta nani. Nikamjibu kwamba nimekuja kuuona mti. Akacheka. "Mti hautafutwi, mwanangu. Ulianguka watu wakiona."

Nikamkumbuka kaka wa marehemu nyanya, aliyechukuliwa Nairobi katika msako mkubwa wa Aprili 1954 asirudi. Nyanya hakukubali wamfanyie matanga. Hadi alipofariki alikuwa akimtaja kwa wakati uliopo: anapenda, si alipenda. Mimi, msomi wa lugha, nililichukulia hilo kuwa kosa la uzee.

Jioni, tukirudi, msongamano ulitusimamisha baada ya Ruiru. Upande wa kulia, mbali kidogo na barabara, nyuma ya mvua na majumba ya kupangisha, liko gereza la Kamiti, ambako Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa pasipo alama. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa nchini katika miaka ile. Mukami, mjane wa Kimathi, aliyeomba kwa miaka mingi apewe mabaki ya mumewe, alifariki Mei 2023 bila kuyapata. Najua kwamba mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 walioteswa, na kwamba Septemba 2015 ukumbusho ulizinduliwa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Nayaheshimu yote mawili. Hata hivyo, anayekwenda Kamiti na shada mkononi hajui aliweke wapi. Nilitazama upande ule mpaka kioo kikafunikwa na ukungu wa pumzi zetu.

Wiki iliyofuata nilimwambia yule mwanafunzi mbele ya wenzake kwamba ndiyo, ni kaburi tu, na kwamba nilikuwa nimeharakia ishara. Tukaifungua riwaya upya ukurasa wa kwanza, safari hii tukiandika daftarini kila anayekufa na mahali alipozikwa.