Kungoja Ndiko Kunakoua

Nilizaliwa na kulelewa Likoni, upande wa kusini wa Mombasa, ambako soko kubwa, kazi na hospitali kuu viko ng'ambo ya maji. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, kivuko jirani yetu, ilipinduka asubuhi ikiwa imejaa watu waliokuwa wakivuka kwenda kazini. Walikufa watu 272. Nilikuwa shule ya msingi. Mtaani kwetu matanga yaliandamana nyumba hadi nyumba, na wazee wakasema ni kazi ya Mungu. Mimi nilibaki na swali la kitoto ambalo halikuniacha tena: kama yupo aliyetolewa majini akiwa bado ana pumzi, nani pale ufukweni alijua la kumfanyia?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye kozi ya huduma za dharura baada ya kidato cha nne, ingawa baba alitaka niwe mwalimu. Tulifundishwa kufunga mifupa iliyovunjika, kufungua njia ya hewa, na kubana kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikididimia sentimita 5 au 6. Lakini somo lililonikaa zaidi halikuwa la mwili. Lilikuwa la aina tatu za kuchelewa, ambazo watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walizieleza mwaka 1994 walipochunguza kwa nini wanawake wanakufa kwa uzazi: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ndani ya ambulensi nilikuja kuona kwamba somo lile si la wanaojifungua peke yao. Ni la aliyegongwa na gari, la mtoto mwenye degedege, la mzee aliyepooza upande mmoja ghafla alfajiri.

Kuchelewa kwa kwanza nilikutana nako nyumbani kwa watu. Usiku mmoja tuliitwa mtaa wa Shika Adabu kwa mwanamke aliyejifungulia chumbani na damu haikatiki. Mumewe alikuwa kazini Uarabuni, simu yake haipatikani, na wazee hawakutaka mke atoke bila idhini yake. Leso zilizoloa zilikuwa zimerundikwa kwenye beseni. Mama mkwe akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumngoje mwenyewe apokee simu." Nikamjibu, "Mamangu, damu haitamngoja." Mwanamke mwenye afya njema aweza kufa kwa saa mbili hivi damu ikimtoka namna ile. Nikapiga magoti, nikausugua mji wa mimba kwa mkono juu ya tumbo mpaka ukakaza, mtoto akawekwa kwenye ziwa, maana kunyonya kwake kunasaidia mji kujikunja. Kisha yule mama mkwe mwenyewe akashika upande wa machela. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelelewa hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba saa ile ndiyo ya kukimbia.

Kuchelewa kwa pili ni kwa njiani, na kwetu njia ina bahari. Kabla hata ya bahari, kuna kuipata nyumba. Mitaa mingi haina namba, kwa hiyo aliyepiga simu hutuelekeza kwa muuza mkaa, kwa msikiti, kwa mwembe uliokwisha kukatwa. Dereva wangu wa miaka mingi, mzee wa Kidigo tuliyemwita Ami, alikuwa na desturi ya kumwambia kila mpigaji, "Mtoe kijana mmoja asimame barabarani na tochi." Kijana yule mwenye tochi ameokoa watu wengi kuliko king'ora chetu.

Kisha kivuko cha Likoni. Ambulensi hupewa nafasi ya kwanza kupanda, na abiria hutupisha wenyewe kwa heshima ambayo sijaisahau. Lakini king'ora hakiongezi mwendo wa feri. Ikiwa ndiyo kwanza imeng'oa nanga, utaitazama ikienda mpaka ng'ambo, ishushe, ipakie, irudi. Hapo ndipo kazi yangu hasa ilipokuwa. Nilipima presha tena, nikasikiliza kifua tena, nikamlaza mjamzito kwa ubavu wa kushoto ili tumbo lisibane mshipa mkubwa wa damu. Nilipiga hesabu ya oksijeni: mtungi mdogo wa lita 340, ukifunguliwa kwa lita 10 kila dakika, hudumu dakika 34 tu. Ukimtoa mgonjwa Msambweni, safari ya zaidi ya kilomita 50, hesabu hiyo huifanyi ukiwa kwenye foleni ya Likoni, unaifanya kabla hujawasha gari. Na nilizungumza naye. Mgonjwa anayesikia sauti ya mtu anayelijua jina lake hupumua tofauti. Hilo sikulisoma kozini.

Kuchelewa kwa tatu ndiko kulikoniuma zaidi, kwa sababu hutokea mbele ya mlango wenye taa. Nimewahi kufikisha kijana wa bodaboda aliyevunjika paja kwenye hospitali moja ya kulipia, iliyokuwa karibu kuliko zote, nikaambiwa kwanza amana, kisha daktari. Ndugu zake walikuwa bado njiani. Nilisimama na machela mlangoni huku ngozi yake ikipauka na kuwa baridi, maana paja lililovunjika laweza kuficha zaidi ya lita nzima ya damu bila tone kuonekana nje. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba hospitali yenye uwezo ikikataa kuyatoa, yaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Nilikuwa nikiyataja maneno hayo mlangoni kwa sauti, na mara nyingine mlango ulifunguka. Lakini Oktoba 2015, chini ya Katiba hiyo hiyo, majeruhi mmoja wa ajali alizungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baadaye akafariki. Sisi wa kazi hii tuliisoma habari ile tukijua fika mhudumu aliyekaa naye mle ndani alihisi nini kila geti lilipofungwa.

Watu huuliza kama mtu huzoea. Damu huzoeleka. Watoto hawazoeleki. Ami, kila tulipompoteza mtoto, hakukubali mwingine aoshe gari. Aliliosha mwenyewe, polepole, kisha akasoma dua. Baada ya hapo tulikwenda kwa muuza kahawa chungu, tukakaa mpaka mikono itulie. Hakuna aliyetuletea mshauri, na mishahara yetu haikufanana na mzigo tuliobeba. Nimeona wenzangu hodari wakiacha kazi kwa usingizi uliowakimbia. Anayetaka ambulensi njema na aanzie kwa waliomo ndani yake: mkataba wa kudumu, mapumziko ya kweli baada ya zamu, na mtu wa kuzungumza naye.

Sasa mgongo hauniruhusu kubeba machela, nami nafundisha. Wanafunzi wangu ni vijana wa bodaboda na tuktuk, mama lishe wa karibu na kivuko, walimu wa madrasa. Hao ndio hufika kwanza, daima, na moyo wa kusaidia wanao tangu zamani. Nimeona mara nyingi majeruhi akinyakuliwa kwa mikono na miguu, akakunjwa ndani ya tuktuk, shingo ikining'inia, na wote waliombeba wakimpenda kwa dhati. Kinachokosekana ni saa chache za mafunzo. Nawafundisha kumtuliza aliyeanguka bila kumgeuza shingo, kumlaza kwa ubavu aliyezimia anayepumua, kukunja leso na kuikandamiza kwenye jeraha kwa uzito wote bila kuchungulia, kupiga simu mapema, kumtuma kijana barabarani.

Mmoja wao alinipigia siku moja kutoka Ukunda. Mwenzake alikatwa paja na bati kwenye ajali, naye akakandamiza jeraha kwa kikoi, hakuachia mpaka gari likafika. Majeruhi anatembea leo. Nililia kwa furaha. Bahari ya Likoni sikuweza kuipunguza, na milango ya hospitali hainitii mimi. Lakini dakika za kwanza ni zetu sisi raia, hazihitaji feri wala amana. Kila kaunti iyafanye mafunzo haya kuwa sharti la leseni ya bodaboda, na kila shule iyafundishe kabla mtoto hajamaliza darasa la mwisho. Watu wetu hawakosi huruma. Tuwape ujuzi, wasimngoje mtu.