Kidukari anayekula vigoga

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, testi zilitubana si mchezo. Ila kuna mdudu mmoja kanikaa kichwani, ngoja niwape.

Vidukari mnawajua, wale wanaojazana kwenye kunde na kabichi, wengine wanawaita wadudu mafuta. Wote tumekariri kwamba wananyonya floemu, mirija ya kusafirishia chakula ndani ya mmea. Sasa vigoga, yale mazulia mafupi ya kijani yanayoota kwenye kuta zenye unyevu, vingi havina mirija hiyo. Utasema kidukari akitua hapo atakufa njaa. Wapi! Wapo wanaoishi humo humo.

Mcheki Schlechtendalia chinensis wa China. Kiangazi anakaa kwenye mti uitwao Rhus chinensis, ndani ya uvimbe unaoota kwenye jani baada ya yeye kulinyonya. Vuli uvimbe unapasuka, wenye mabawa wanarukia kwenye vigoga na kuzaa huko. Watoto hao ndio wanaopitisha baridi wakinyonya vigoga. Baridi ikiisha, kizazi kingine chenye mabawa kinarudi mtini na kuzaa madume na majike wasio hata na mdomo wa kulia. Kazi yao kupandana tu! Mtoto wao ndiye anayeanzisha uvimbe mpya.

Wachina wanavuna uvimbe huo kwa dawa za asili na kwa tanini ya viwandani. Bila vigoga hakuna mavuno, ndiyo maana wapo wanaovipanda makusudi. Amerika Kaskazini yupo ndugu yake, Melaphis rhois, naye anahama hivyo hivyo kati ya Rhus na vigoga. Mwaka 1989 mwanabiolojia Nancy Moran alionyesha kwamba uhusiano huu una angalau miaka milioni 48.

Kinachonisumbua ni hiki. Karibu tunaenda mazoezi ya kufundisha. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, na mmea usio na floemu je?", wengi tutamjibu haipo kwenye silabasi, kaa chini. Basi umeshamuua. Hilo swali moja lina thamani kuliko noti zote za ubaoni. Mimi wangu nitawatoa nje, twende tukachungulie ukuta.

Nyie walimu watarajiwa mngemjibuje? Haya, bumu likitoka tutaonana kantini.